Mama Yohana, Safari Hii Chujio Halikuziba

Mpendwa Mama Yohana,

Msalaba wako tumeusimika. Ni wa mninga kama ulivyotaka, si wa saruji. Jina lako limechongwa kwa herufi nzito, na padre aliunyunyizia maji ya baraka huku kwaya ikiimba ule wimbo uliokuwa ukiutia kosa la sauti kila Jumapili bila kuona haya. Ilikuwa kiangazi, udongo umekauka. Binti yetu Edita alikuwa amefagia makaburi yote ya ukoo wenu, kuanzia la mama yako mpaka lako, asibague hata moja. Mpita njia angesema kwamba kila jambo lilikwenda vizuri. Ndiyo maana nakuandikia. Lilikwenda vizuri, na tangu siku ile moyo wangu haujakaa mahali pake.

Barua hii naiandika wazi, siifungi. Naamini zipo nyumba nyingine, kutoka bondeni Lukuledi mpaka kule juu Newala, zenye watoto wa tumbo moja wasiosemezana kwa ajili ya mikorosho. Wakitaka kuisoma, waisome. Wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kuficha chungu chenye ufa. Ulikuwa ukikiweka mbele kabisa, mgeni akione mapema.

Nianze na chujio, kwa sababu mimi na wewe tulianzia hapo. Nilipokuja kukaa kwenu kama desturi yetu inavyotaka, mume kuhamia upande wa mkewe, mama yako aliniwekea mbele mzigo wa miaa ya kusukia akaondoka bila neno. Nilikuwa nimetoka kusomea ualimu wa dini, najua kuongoza sala za asubuhi na jioni, najua sikukuu za mwaka mzima wa kanisa. Sikujua kwamba kwenu mume ndiye anayemsukia mkewe chujio la pombe, na kwamba mwanamke haazimi chujio la nyumba nyingine hata akiwa na shida. Nilisuka. Ulilichukua, ukalipima kwa macho, ukaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, "Hili ni la kuchujia, au tunakwenda nalo Ruvuma kuvua?"

Dada zako walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha ulinionyesha kipimo chako. Uliweka kidole juu ya msuko ukasema kidole kisipite, ukucha upite. Nikikaza zaidi ya hapo, pombe itakataa kushuka; nikilegeza, machicha yatapita na watu watatafuna badala ya kunywa. Miaka yote niliyokaa nawe nilisuka kwa ukucha wako, siyo wangu. Hata sasa, nikifumba macho, nauona ule ukucha wa kidole cha shahada, umepasuka kidogo pembeni kwa ajili ya mchi.

Nami niliyekuwa nakaa karibu nawe nikisoma sala zangu nilikuona ukichuja mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mtama ulilowekwa, ukafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukawa kimea. Kimea ulikitwanga kidogo tu. Ulitaka punje ipasuke, siyo isagike, ili maganda yabaki na ukubwa wake yawe njia ya maji. Ndani ya chujio, chini kabisa, ulitandika makapi yaliyokwisha kuoshwa kwa maji ya moto. Uji wa kimea ulimiminwa ukiwa bado moto, kata moja moja, taratibu, ukipitia ubavuni mwa chujio usije ukachimba shimo katikati. Maji ya kwanza yaliyoshuka na ukungu uliyarudisha juu, ukayarudisha tena, mpaka yakashuka safi. Kisha ukangoja. Siku moja niliona yanachelewa, nikanyosha mkono nilikamue. Ulinipiga kofi dogo la mkono.

"Usilisukume, Baba Yohana. Halina mguu wa kukimbia."

Nilikuwa nikiyafikiria maneno hayo hata nikiwa mbele ya watoto wa kipaimara walioshindwa kukariri. Lakini leo sikuandikii kwa ajili ya hao.

Unakumbuka jinsi mikorosho ile ilivyokuwa miti isiyo na mwenyewe? Miaka tuliyohamishiwa vijijini iliachwa kule kwenye mashamba ya zamani, ikamezwa na msitu, maua yakawa meupe kwa ugonjwa na bei ikawa haimwamshi mtu kitandani. Mimi na wewe tuliifyeka kwa sababu ilikuwa ya mama yako, si kwa sababu tulitarajia kitu. Hakuna aliyetuuliza. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao, watu wakaanza kupuliza salfa alfajiri, na ghafula kila mkorosho ukawa na baba, mjomba na shangazi. Kaka yako Benedikto, aliyekuwa amehamia Newala siku nyingi, akakumbuka kwamba yeye ndiye mjomba, na kwamba mali ya ukoo husimamiwa na mjomba. Ulimjibu mbele ya watu kwamba mjomba huonekana kwanza akiwa na jembe. Mkaachana hapo. Misimu ikapita, salamu hakuna, na ulipokuwa ukipokea Ekaristi nilikuwa nikikuona jinsi unavyosita kabla ya kunyosha mkono kwenye kikombe.

Basi ikaja siku ya kusimika msalaba wa mama yako. Benedikto hangeweza kukosa. Naye ni mwana. Na kwetu kata ya kwanza ya pombe ya msalaba hunywewa na wale wenye maneno kati yao. Kata ni moja. Huyu anakunywa, anampa yule, ndipo wengine wafungue midomo. Wasipokunywa hao, watu wote hurudi na kiu. Ulijua hivyo, na kaka yako alijua. Tangu ulipoloweka mtama nilikuona ukihesabu mitungi mara mbili mbili.

Labda wasiwasi huo ndio uliofanya ukubali shauri la kupeleka kimea mashineni. Wageni walikuwa wengi, mchi ni ule ule, na pale Lupaso palikuwa na mashine mpya ya mtu binafsi inayonguruma kutwa. Nyumba zote zilizotuzunguka zilikuwa zimekwisha kuacha vinu. Kimea kilirudi laini kama unga wa ugali. Ulikichota, ukakitazama, ukasema tu, "Ala!" Lakini mtama mwingine wa kuchipua haukuwepo, na siku hazikutungoja.

Asubuhi ya kuchuja, siku moja kabla ya msalaba, tulimimina uji. Yakashuka matone machache, kisha yakakoma. Chujio lilining'inia limevimba, maji yamesimama juu yake meupe na chini hakuna kitu. Ndani uji umekuwa kama udongo wa mfinyanzi. Jua likapanda. Uji ule ukikaa hivyo hivyo katika joto hugeuka siki kabla haujafika motoni, na pombe ya siki haiwekwi mbele ya kaburi la mtu. Mama Stela, jirani yetu asiyejua kukaa kimya, alishika mwiko.

"Nilitoboe kidogo tu katikati, Mama Yohana. Litafunguka."

"Ukitoboa, itapita na taka zake zote."

"Basi tuwape hivyo hivyo. Atakayeuliza machicha tutamwambia ni mtindo wa Dar."

Watu walicheka, ila wewe hukucheka. Ulikuwa ukitazama njia. Benedikto alikuwa akija, anasukuma baiskeli yake, suruali imejaa vumbi la mteremko wa Newala. Alisimama akautazama umati wa wanawake walioshika viuno, akalitazama chujio, akasema bila hata hodi:

"Dada, hii pombe imegoma, au mmenigomea mimi?"

"Ungekuwa wa kugomewa, ningekutumia salamu usije."

Akauchukua ule uji akausugua kati ya vidole viwili. "Mmepeleka mashine."

"Tumepeleka."

"Mama angewachapa."

"Angeanza na wewe, ambaye kaburi lake hujalipalilia hata mara moja."

Hapo hata Mama Stela aliushusha mwiko. Nilikuwa nimekwisha kuanza kusali moyoni, kwa kuwa niliona shingo ya shemeji yangu imesimama. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ya mtu mwenye kazi mbele yake, "Makapi yako wapi? Bila makapi hiyo haishuki."

Makapi hayakuwepo. Yaliyo safi yalikwisha, na mtaa mzima umesaga mashineni. Benedikto aliigeuza baiskeli. Akamwambia Yohana wetu, aliyekuwa kijana tayari na ndevu zake za kwanza, apande nyuma. Wakashuka Lukuledi kwenye mpunga. Uliwasha moto, ukauweka uji pembeni kwenye kivuli, ukachemsha maji na kuliosha chujio kwa mikono yako mwenyewe. Walirudi wanahema, Yohana amekumbatia kiroba cha makapi ya mpunga kama mtu aliyebeba mtoto. Makapi ya mpunga ni magumu, hayalainiki. Uliyaosha, kaka yako akayatandika, mengine mkayachanganya katika uji. Nilikuona wewe ukimimina, yeye akishika mdomo wa chujio uwe wazi. Hamkuzungumza habari za mikorosho. Mlizungumza habari za mama yenu, jinsi alivyokuwa akiimba akichuja, na jinsi yeye Benedikto alivyokuwa akiiba togwa kwa mrija wa boga na kupigwa. Na matone yakaanza. Kwanza moja moja, kisha uzi mwembamba, kisha ule mlio wa maji yanayoingia mtungini, ambao nikiusikia hata leo nasimama.

Kesho yake kata ya kwanza ilinywewa, na watu walishangilia. Lakini mimi nilijua, na wewe ulijua, kwamba mambo yalikuwa yamekwisha jana yake, mikono yenu ikiwa imelowa. Mikorosho mliigawana kwa kutembea tu, huku mkitaniana, upande wa kichuguu wako, upande wa njia wake. Na kaka yako alipofariki uliomboleza kama mtu aliyeng'olewa jino.

Sasa nikueleze habari za watoto wako.

Tangu ulipolala, ile miti ya upande wa kichuguu imerudi kuwa na maneno. Edita anasema shamba la mama hufuata binti, na desturi iko upande wake. Yohana anasema yeye ndiye aliyepanda juu ya miti ile na pampu ya salfa miaka yote uliyokuwa huna nguvu, na jambo hilo nalo ni kweli. Mimi ni mume niliyehamia. Katika ukoo wenu nakaa kama kigoda kinachoheshimiwa lakini hakiulizwi. Msimu uliopita waliokota korosho chini ya mti mmoja, kila mmoja na tenga lake, wamepeana migongo. Yohana akamchukua mkewe wakaenda kukaa Newala, katika nyumba ile ile aliyoiacha mjomba wake. Mara nyingine nafikiri ukaidi wa watu huachwa ndani ya nyumba pamoja na milango.

Nilipoona kiangazi kinafika na msalaba wako unakuja, nikasema, Bwana ametupa njia. Kata itawakutanisha. Nikajipa kazi moja: chujio lisizibe. Nilikuwa nikiota lile chujio lililovimba. Nilimfundisha Edita kila kitu ulichonifundisha na kila nilichokiona nikiwa nimekaa nawe. Kimea alikitwanga kinuni mwenyewe, hakikukaribia mashine. Makapi ya mpunga niliagiza mapema, yakaoshwa, yakaanikwa, yakatundikwa darini. Chujio nililisuka upya. Vidole vyangu havishiki kama zamani, lakini nililipima kwa ukucha wako, maana niliukumbuka. Hata kuni zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa. Nilikagua vitu vile kama mtu anayepanga meza ya madhabahu. Hakuna kilichopungua, Mama Yohana.

Na pombe ilishuka. Ilishuka kama ambavyo sijapata kuona. Edita alimimina taratibu, akarudisha maji ya kwanza, akakaa, na uzi ule mwembamba ukaanza bila kusita. Mama Stela, ambaye amezeeka mwili siyo mdomo, alisema, "Leo hata sina la kutoboa." Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kazi ikiwa katikati, Yohana alifika. Alikuja kwa gari dogo la kukodi, amevaa shati jeupe, akasimama pale pale alipowahi kusimama mjomba wake. Aliniamkia, "Shikamoo, baba." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha alimtazama dada yake kwa muda, akalitazama chujio, akakunja mikono ya shati lake. Niliona jambo hilo kwa macho yangu. Alikunja mikono ya shati.

"Nikusaidie nini, Edita?"

Edita hakugeuka. "Hakuna kinachokosekana."

"Hata makapi?"

"Yapo. Kuni zipo, maji yapo. Wewe kaa, kaka. Wewe ni mgeni."

Nilitafuta kitu cha kumpa ashike, hata kata, hata ndoo tupu, na macho yangu yalizunguka ua mzima yasione kazi hata moja. Yote nilikuwa nimeyatimiza. Yohana alisimama pale na mikono yake mitupu, kisha akaishusha mikono ya shati na kuifunga vifungo, kimoja na kingine, akarudi garini. Akateremsha kreti za bia za kiwandani. "Kwa ajili ya wageni," akasema, "wasipate tabu ya kungoja."

Siku ya pili, baada ya baraka, tulikusanyika. Edita aliijaza kata ya kwanza. Pombe ilikuwa safi kiasi kwamba ungekiona kitako cha kata. Akaionja kwanza kama desturi inavyotaka, akamnyoshea kaka yake. Yohana alikuwa ameshika chupa. Aliinyanyua kidogo, kwa adabu, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Ninacho changu, Edita. Asante."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, ningeweza kumkemea. Edita aliishika kata muda mrefu, kisha akampa mzee aliyekuwa karibu. Watu hawakurudi na kiu, kwa sababu chupa zilikuwepo. Na hilo ndilo linalonisumbua. Zamani mtu akikataa kata, uwanja mzima ulikauka, na wazee wasingemwacha mtu alale hivyo. Sasa kila mtu alikuwa na chupa yake mkononi, aliyekataa na asiyekataa wakafanana, na sherehe ikaendelea. Kwaya iliimba. Watoto walikusanya vifuniko vya chupa wakavifanya ng'ombe. Yohana aliondoka jua likiwa bado juu, akaliinamia kaburi lako, akaenda.

Sisi tuliozoea kunywea kikombe kimoja mbele ya Bwana tunajua kwa nini ni kimoja. Nimefundisha jambo hilo maisha yangu yote. Lakini tangu siku ile najiuliza swali ambalo sikulikuta katika masomo yangu, nami sina wa kumwuliza ila wewe. Je, lile chujio lingeziba, Yohana asingebaki? Angekuta uji umesimama na dada yake ameshika kiuno, asingeteremka Lukuledi kama alivyoteremka na mjomba wake? Sisemi tungeharibu kazi kwa makusudi; kufanya kazi vibaya si ibada. Ila nilipanga nyumba kama isiyomhitaji, nikamwita aje anywe, na sikumwita aje achuje. Nalisema jambo hili polepole kwa sababu bado sina hakika nalo.

Nilimwambia Edita. Alikuwa akipepeta, akaacha ungo.

"Baba, unataka mwakani nisage mashineni ili kaka apate kazi?"

"Nataka umwachie kitu kimoja ambacho hukifanyi mwenyewe."

"Mbona yeye hajaniachia hata tawi moja?"

Ana uso wako akikasirika, na mimi sikuwahi kulishinda jibu la uso ule.

Nilimtumia Yohana salamu kupitia kwa mwalimu mmoja wa Chidya aliyekuwa akienda Newala kumwona mgonjwa. Sikumtumia mahubiri. Nilimwambia tu kwamba mwaka wako wa kumbukumbu utakapofika tutapika tena, na kwamba makapi yaliyokuwa darini yamekwisha. Mwalimu aliporudi nilimwuliza alijibu nini. Alisema Yohana alisikiliza akaendelea kufunga kamba ya mbuzi.

Sasa korosho zimeanza kudondoka. Asubuhi nazisikia upande wa kichuguu, na kila inapoanguka moja nafikiri ni nani atakayeiokota na atakayemkuta hapo. Usiku silali vizuri. Nasali kwa ajili yao kwa majina, na nikifika kwenye majina yao nasita, kama wewe ulivyokuwa ukisita kwenye kikombe.

Wiki hii alipita mtu wa baiskeli, muuza samaki wakavu, akaniachia kiroba. "Kutoka kwa Yohana," akasema, wala hakuwa na neno la zaidi. Nilikifungua. Ni makapi ya mpunga, yamepepetwa, hayana hata jiwe. Nikakaa nayo magotini. Wewe uliijua Newala kuliko mimi. Juu kule ni mhogo na mikorosho, hata maji ni ya kutafuta. Mpunga hakuna. Mpunga uko chini kabisa, bondeni Ruvuma, na mtu anayetaka makapi yake hana budi kuuteremka ule ukingo wa mlima kwa miguu yake na kuupanda tena na mzigo. Nikamwita Edita nikamwonyesha.

"Makapi si mtu, baba," akasema.

"Si mtu. Lakini hayakupanda mlima yenyewe."

Akaingia ndani. Kiroba nilikiacha hapo hapo uani, karibu na mlango wake. Nilijizuia nisikiguse. Alikuwa akipita na ndoo akikizunguka. Akifagia, anafagia pembeni yake na kuacha alama ya mduara. Mama Stela alikuja akauliza nani kafa akaacha mzigo.

Leo, ninapoandika, mawingu yamekusanyika upande wa Lindi na upepo umeleta harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Unajua makapi yakinyeshewa huvunda, hayafai tena. Nilikuwa nimekaa barazani na karatasi hizi, nikalazimisha miguu yangu ibaki pale ilipo. Matone ya kwanza yalipopiga bati, Edita alitoka. Alisimama mlangoni akakitazama kile kiroba. Kisha akakishika shingo akakiburuta mpaka ndani, akafunga mlango. Hakunitazama.

Huenda ni makapi tu aliyoyaonea huruma. Nimejiambia nisiyatwike zaidi ya uzito wake. Sijamwuliza, wala sitamwuliza. Mvua inanyesha sasa, na ndani namsikia akiburuta kitu sakafuni, anakitafutia mahali pakavu.

Miaa nimekwisha kuiloweka. Nikipata nguvu nitaanza kusuka, kwa ukucha wako kama siku zote. Pumzika, mke wangu, na huko uliko utusemee.

Mimi niliyehamia kwenu nikabaki,
Baba Yohana